Mkurugenzi wa Keko

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mwanaume wa miaka 47, naishi Mbagala, Dar es Salaam, nina mke na watoto watatu. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1998 katika shule moja ya bweni mkoani Tabora, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Nilipata daraja la tatu, chuo kikuu sikuitwa. Mwaka huohuo baba alikuwa amepunguzwa kazini, kwa hiyo nikapanda treni kuja kwa mjomba Dar es Salaam kujitafuta. Mjomba alikuwa na kibanda cha useremala Keko. Nilijua nitakaa miezi sita. Niko hapo mpaka leo. Mjomba alishafariki, karakana ni yangu, nina vijana wanne.*

*Mwaka huu wenzangu wa 1998 wamefungua kundi la WhatsApp. Tuko 57. Ukiingia unakutana kwanza na orodha ya marehemu 11, halafu fomu ya kujaza: jina, unapoishi, kazi, familia, mafanikio tangu tumalize shule. Wa kwanza kujaza ni daktari bingwa, wa pili yuko Canada, wa tatu ni bosi wizarani na huyo nilikuwa namfundisha Hesabu usiku wa prepu. Nikaona na mimi nisionekane bure. Nikaandika: "Mkurugenzi, kampuni ya samani." Mke wangu alipoisoma alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo waliojaza ni 19.*

*Sasa mmoja wao ana shule yake binafsi Kibaha. Anataka meza na viti 80 vya wanafunzi kabla ya Januari, na anasema atakuja ofisini kwangu azungumze na idara ya mauzo. Shangazi, ofisi yangu ni benchi chini ya mwarobaini, na idara ya mauzo ni mimi. Desemba tunakutana Tabora, mchango shilingi 200,000. Nijitoe kwenye kundi? Nisingizie msiba? Nikitazama nyuma miaka 27 sioni nilichofanya zaidi ya kuchana mbao. Hata kijana wangu mkubwa, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu na daraja la pili, anasema hataki chuo kikuu, anataka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kisha aje Keko. Nilimwambia sikupiga randa miaka yote hii ili yeye aje kuishika, na tangu Agosti hatusemeshani. Lakini hilo ni la nyumbani, nitalimaliza mwenyewe. Naomba unisaidie hili la kundi.*

*Mkurugenzi wa Uongo, Mbagala*

Marahaba mwanangu.

Unisamehe, na mimi nilipofika kwenye "idara ya mauzo" nilicheka, ikabidi nivue miwani niifute. Kwa hiyo mkeo usimnunie. Yule mama amelala na wewe nyumba moja, anajua saa unayotoka na vumbi la mbao unalorudi nalo kwenye kope. Ukimwachia asome neno "mkurugenzi" bila kumwonya, unataka afanye nini?

Nianze na mteja, maana mambo ya moyo yanaweza kusubiri wiki na mteja hasubiri.

Mpigie simu leo. Usimwandikie, na kundini usiseme kitu kwanza. Mwambie hivi: "Ndugu yangu, kampuni ni mimi na vijana wanne, tuko Keko, ofisi ni benchi chini ya mwarobaini. Kazi hii naifanya tangu mwaka tuliomaliza shule. Njoo uone, kisha uamue." Ukimaliza hapo nyamaza, mwache aongee. Mtu anayetaka meza 80 kabla ya Januari hatafuti zulia la ofisini, anatafuta mtu ambaye Januari hatazima simu. Akikwambia basi, ujue kwamba hata ungekuwa na ofisi ya ghorofa angekusumbua kwenye malipo.

Ila kabla hujapiga, fanya hesabu, na ufanye kwa uaminifu kuliko ulivyojaza ile fomu. Vijana wanne wanatoa meza ngapi kwa wiki ukitoa siku ambazo umeme unakatika? Anataka za mbao tupu, au fremu za chuma na mbao juu? Kama ni chuma, tafuta fundi wa kuchomelea mapema mpatane bei. Chukua advansi ya kutosha kununua mbao zote, kwa maandishi, hata kama mlilala kitanda kimoja cha juu na chini. Shule itakudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Itakuuliza TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara ya manispaa, na jina la biashara lililosajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Kama huna kimojawapo, anza wiki hii na umwambie ukweli kwamba umeanza. Na tafadhali, usimpe bei ya kishkaji. Nimeona mafundi wawili wakifilisika kwa kuwapendelea watu waliosoma nao.

Basi, hilo limekwisha. Tuje kwenye fomu.

Mko 57, waliojaza ni 19. Wewe umewasoma hao 19 usiku kucha, sivyo? Hukuwahi kujiuliza habari za wale 38 waliokaa kimya. Wamo humo, wanasoma, wanatuma "Amina" mtu akiumwa na "Hongera" mtu akiozesha, halafu wakifika kwenye ile fomu wanaweka simu chini. Nina hakika mmoja wao aliisoma "Mkurugenzi, kampuni ya samani" akajisemea: ona, hata yule wa Tabora mwenzangu kafika, mimi peke yangu ndiye niliyebaki.

Nakuambia hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale 38 kabla WhatsApp haijazaliwa. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1975. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 1974, lilipitishwa Azimio la Musoma, na kuanzia hapo hakuna kutoka shuleni moja kwa moja kwenda chuo kikuu: unakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha unafanya kazi miaka miwili, kisha unapendekezwa. Sisi tulilipokea kwa vigelegele, tulikuwa watoto wa siasa. Nikaenda JKT, nikarudi nikawa karani wa masjala kwenye shirika moja la umma, napiga mihuri mafaili. Wakati sharti lile lilipolegezwa kwa wasichana, mimi nilikuwa nimeshaolewa na tumbo liko mbele. Chuo kikuu nilikiona kwa mara ya kwanza nilipompeleka binti yangu na godoro lake. Kwa miaka mingi nikikutana na niliosoma nao nilikuwa nasema "niko serikalini" na kubadilisha mazungumzo haraka.

Mwaka 2015 tulikutana, miaka 40 tangu tumalize. Nilishona gauni jipya kwa ajili ya watu ambao, nilipofika, nusu yao hawakuona vizuri. Unajua tulizungumza nini? Magoti. Sukari na presha, dawa gani inakupa kikohozi, nani bado anakula ubwabwa usiku bila kuogopa. Profesa wetu alisinzia kwenye kiti kabla ya keki. Mtu aliyeonewa wivu kuliko wote siku ile alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye alikuwa na meno yake yote. Nyinyi mna miaka 47, bado mko kwenye umri wa kupimana vyeo, kwa hiyo sitakudanganya kwamba Desemba hakuna atakayekutazama viatu. Watakutazama. Baada ya saa mbili watachoka.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo sitalipoza. Unasema hukuitwa chuo kikuu, umeandika kama vile ni kosa lako ulilolifanya jana. Mwaka 1998 vyuo vikuu vya serikali huku Bara vilikuwa vitatu: Dar es Salaam na matawi yake, Sokoine, na Chuo Kikuu Huria, ambacho kilikuwa bado kichanga. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuja 2007. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004. Mdogo wako aliyemaliza miaka kumi baadaye na alama zilezile alikuta milango mingi zaidi. Na baba yako alipunguzwa wakati wa ubinafsishaji, pamoja na baba za watu wengi waliokuwa wanasema "mimi ni mtu wa shirika" kwa sauti nzito. Hata JKT, ambayo ingekushika mkono kidogo baada ya shule, ilikuwa imesitishwa kwa wahitimu tangu 1994, ikarudi 2013. Ulitoka shuleni ukakuta uwanja mtupu. Hilo ni la kusikitikia, mwanangu, na kama hujawahi kulisikitikia vizuri, lisikitikie. Ulikuwa kijana wa PCM uliyekuwa unamfundisha Hesabu mtu ambaye leo ni bosi. Ungeweza kuwa mhandisi. Watu watakwambia "Mungu ana makusudi yake" na labda wanasema kweli, lakini wanalisema haraka mno, kabla hujamaliza kuugulia.

Wala sitakuambia ushukuru kwa sababu hauko kwenye ile orodha ya 11. Ila umeipita kwa haraka. Sijui wenzako walikufa kwa nini na si kazi yangu kuuliza. Najua tu kwamba kizazi chenu kilimaliza shule kikaingia mjini kwenye miaka ambayo tulikuwa tunazika vijana kila Jumamosi, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004. Mimi mwenyewe nilizika wadogo zangu wawili miaka hiyo. Mkikutana Tabora, mtu mmoja ayasome yale majina polepole, na aseme mlikuwa mnamtania nani kwa jina gani. Hilo litakuwa na maana kuliko fulana zenye nembo, ambazo najua mnazichangia pia.

Sasa tuje Keko.

Umesema huoni ulichofanya zaidi ya kuchana mbao. Neno "zaidi" ndilo lililonisimamisha. Nani alikufundisha kwamba kuchana mbao ni sifuri, halafu hesabu inaanzia juu yake? Nadhani namjua. Sisi wote tulisoma chini ya Elimu ya Kujitegemea, ile ya 1967. Maneno yake yalikuwa mazuri: shule iwe na shamba, iwe na karakana, msomi asijione bora kuliko mkulima. Lakini unakumbuka shamba la shule mlikwenda lini? Ukichelewa namba, jembe. Ukiongea Kiswahili bwenini siku ya Kiingereza, kung'oa visiki. Ukivunja dawati, unapelekwa kwa fundi wa shule ukalitengeneze naye huku wenzako wako darasani. Walitufundisha kwa mdomo kuiheshimu kazi ya mikono, na kwa vitendo wakatuonyesha kwamba ni adhabu. Kwa hiyo mtu mzima wa miaka 47 anakaa chini ya mwarobaini na karakana yake, anawalipa watu wanne kila Jumamosi, na ndani ya kichwa chake bado anatumikia adhabu aliyopewa na sijui nani.

Na huenda hukuwahi kuona hili: mninga bora uliokuwa unapokelewa Keko ulikuwa unatoka kwenu, kwenye miombo ya Tabora. Uliukimbia mkoa, mbao zake zikakufuata mpaka mlangoni.

Barua yako ina maneno mengi ya kundi. Ya kijana umeyaweka mwishoni kabisa, ukayapiga kufuli: "hilo ni la nyumbani, nitalimaliza mwenyewe." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi hilo ndilo ninalolijibu hasa, utanisamehe, maana kundi la WhatsApp unaweza kulizima sauti kwa mwaka mzima, na mtoto huwezi.

Ona ulivyofanya. Kundini umeficha randa ili wenzako wasikudharau. Nyumbani umeichukua randa hiyohiyo ukamtishia nayo mwanao: soma, usije ukawa mimi. Yule bosi wa wizarani hajawahi kukwambia kwamba fundi ni mtu aliyeshindwa. Daktari hajasema. Mtu pekee aliyelisema hilo kwa sauti, mbele ya shahidi, ni wewe, na shahidi ni mtoto uliyemlisha kwa kazi hiyo. Kijana alisikia mawili kwa mkupuo: kwamba anachokipenda ni uchafu, na kwamba baba yake anajiona uchafu. La pili ndilo linalomfanya asikusemeshe. Hajui akutazame vipi.

Hujaniambia kwa nini anataka Keko. Nadhani hujamuuliza. Ameishi na wewe tangu azaliwe, ameona siku za njaa na siku mteja anamaliza deni. Kuna kitu amekiona humo. Pengine amekuona wewe ukiwa na furaha mahali ambapo wewe hukujiona. Au pengine hana lolote la maana, ameona tu vijana wenzake wanauza makabati ya MDF kwenye Instagram na kudhani fedha inamiminika. Vyote vinawezekana, na jibu ni tofauti kwa kila kimoja. Kama ni hilo la pili, siku tatu za kupiga msasa zitamponya.

Usielewe kwamba nasema kijana yuko sahihi. Daraja la pili si la kutupa. Kama ameshapangiwa chuo, nafasi ile ingekufanya wewe wa 1998 ulie machozi, na yeye hana haki ya kuidharau kwa sababu tu milango imekuwa mingi. Mweleze hayo. Mweleze habari za babu yake kupunguzwa, treni, miezi sita iliyogeuka miaka 27. Nina wasiwasi hajawahi kuisikia yote. Anajua tu kwamba baba hapendi kuulizwa kuhusu shule. Mkimaliza kuongea, akisema bado anataka Chang'ombe, basi umemsikia mtu mzima. Lakini fanyeni upesi. Vyuo vinafunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo kununiana kwenu kuna tarehe ya mwisho.

Mna bahati ya jiografia. Kutoka Keko mpaka VETA Chang'ombe ni mwendo wa miguu. Nendeni wote wawili asubuhi moja. Yeye aulize kozi, muda na ada, kisha mrudi mkiwa na karatasi mkononi badala ya kubishania hewa. Na wewe, ukiwa umesimama palepale dirishani, uulize utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Upo. Unapimwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti. VETA imekuwepo kwa sheria tangu 1994, miaka minne kabla hujamaliza shule, na wewe umekuwa unapita mbele ya geti lake miaka yote hiyo na mbao kwenye mkokoteni. Kijana akuone unajaza fomu. Hiyo ijaze kweli.

Kama kazi ya Kibaha ikitiki, mpe mwanao kibarua kwenye zile meza, kwa malipo yaleyale unayowapa vijana wengine, na umkate akichelewa. Mama yake asiingilie.

Kuhusu Tabora: nenda, kama 200,000 hiyo haitoki kwenye ada ya watoto wadogo. Kama inatoka huko, mpigie mweka hazina umwambie mwaka huu huna, atakuwa ameshasikia hivyo kutoka kwa wengi kabla yako. Msiba usisingizie. Utamzika nani? Kuanzia 2024 treni ya umeme inakufikisha Dodoma, kutoka hapo ni basi, na njiani utakuwa na muda wa kukumbuka ulivyoipita nchi hiyohiyo usiku mzima daraja la tatu na sanduku la bati.

Kabla ya safari, baada ya kuongea na mteja na baada ya kuongea na kijana, kwa mpangilio huo, rudi kundini uandike mstari mmoja: "Nasahihisha fomu yangu. Mimi ni fundi seremala, Keko, tangu 1998. Karakana yangu mwenyewe, vijana wanne. Mke mmoja, watoto watatu, nyumba Mbagala. Anayetaka kitanda asione haya." Mpe mkeo asome kabla hujatuma. Akicheka tena, ongeza alichokichekea.

Na mimi nina kabati la mninga, la marehemu mume wangu, mlango wa kushoto umelegea bawaba na droo ya chini haifungi tangu mwaka juzi. Ukipata nafasi baada ya zile meza 80 uniandikie utanitoza kiasi gani. Unipe bei ya fundi, ya mkurugenzi sitaiweza.